Kichujio au Kisawazishi? Uteuzi wa Mcheza Santuri Katika Kuchanganya Nyimbo: Mfano wa Mtaa wa Huruma, Nairobi

1.0 Utangulizi

Mtu ashukaye matatu katika barabara ya Juja na kuingia mtaa wa Huruma hulakiwa na muziki kabla hajalakiwa na mwenyeji wake. Kutoka kwa kinyozi husikika rege, kutoka kibanda cha chapati husikika rumba ya zamani, na kutoka ghorofa ya tano ya jengo lililo mkabala husikika gengetoni. Mitaa ya Eastlands imelea wasanii wengi walioupa muziki wa Kenya sura yake. Ukoo Flani Mau Mau walikuwa na mizizi Dandora. Kundi la Ethic, lililotoa wimbo "Lamba Lolo" mwaka wa 2018 na kuifungulia njia gengetoni, lilitokea Umoja. Hata hivyo, kati ya msanii na hadhira yake yuko mtu wa tatu ambaye aghalabu hatajwi tunapojadili sanaa ya mjini. Huyo ni DJ au, kama aitwavyo na vyombo vingi vya habari nchini Kenya, mcheza santuri.

Mwandishi wa makala hii alilelewa Huruma, na hoja zinazofuata zilianza kumkera mnamo mwaka wa 2014. Mwaka huo majirani waliandaa mchango wa kulipia gharama za hospitali za mama mmoja wa ploti yetu. Binamu yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alijitolea kucheza muziki. Alikodi spika mbili na amplifaya kwa rehani ya kitambulisho chake. Mambo yalikwenda vyema hadi saa tatu usiku, watu walipoanza kucheza na kutoa pesa kwa moyo mkunjufu. Hapo binamu akaingiza wimbo wa pili juu ya wa kwanza, besi za nyimbo zote mbili zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho. Spika zilikwaruza, zikatoa mlio kama wa bati lipasukalo, kisha zikanyamaza. Baada ya nusu saa uwanja ulikuwa mtupu, na kikapu cha mchango hakikufikia hata nusu ya deni la hospitali. Binamu yangu alifanya kazi ya mjengo kwa miezi minne ili alipie spika za wenyewe.

Tulizipeleka spika hizo kwa mzee mmoja fundi wa redio. Alizifungua, akatuonyesha waya ulioungua, kisha akasema, "Kijana wangu, hizi hazikuuawa na stima. Zimeuawa na fahali wawili uliowatia zizi moja." Binamu akamuuliza, "Sasa mzee, ningefanyaje?" Fundi akamjibu kuwa kwenye miksa yake palikuwa na dawa mbili, naye hakutumia hata moja.

Makala hii inanuia kuzifafanua dawa hizo mbili, yaani kichujio na kisawazishi. Malengo yake ni matatu. Kwanza, kueleza jinsi kila kimoja kifanyavyo kazi. Pili, kubainisha ni wakati gani mcheza santuri achague hiki na aache kile. Tatu, kuonyesha kuwa maarifa haya ya kiufundi yanaelezeka kwa Kiswahili, na kwamba maneno yetu yenyewe, yakichunguzwa, humsaidia anayejifunza.

2.0 Istilahi na Maana Zake

Vijana wa Huruma huviita vifaa hivi filta na ikwalaiza, na hapana kosa katika kufanya hivyo. Hata hivyo, istilahi za Kiswahili zina faida ya kuibeba maana ndani ya umbo lake.

Kichujio hutokana na kitenzi chuja. Tunachuja chai ili majani yabaki na kinywaji kipite. Tunachuja tui la nazi ili machicha yabaki. Katika siasa za Kenya tunao mchujo wa vyama, ambapo wagombea wengine hupita na wengine hubaki. Katika matumizi yote haya dhana ni moja: pana mpaka, na kila kijacho mbele ya mpaka huo ama hupita ama huzuiwa. Kichujio cha sauti hufanya vivyo hivyo.

Kisawazishi hutokana na kivumishi sawa, kikanyambuliwa kuwa kitenzi sawazisha, kisha kikatiwa kiambishi cha ngeli ya ala. Hapa dhana ni ya kupima na kugawa. Anayesawazisha hamfukuzi mtu mlangoni. Huwapunguzia waliozidi na kuwaongezea waliopungukiwa. Inapendeza kuona kwamba historia ya kifaa chenyewe yaafikiana na maana hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, wahandisi wa simu waligundua kuwa sauti inaposafiri katika waya mrefu, sehemu zake za juu hupotea zaidi kuliko za chini. Walibuni sakiti za kurekebisha hitilafu hiyo ili sauti ipokelewe kwa mizani ile ile iliyotumwa. Lengo lilikuwa kusawazisha.

Kichujio nacho kilizaliwa katika simu. Katika miaka ya 1910, George Campbell wa kampuni ya AT&T nchini Marekani alibuni vichujio vya umeme vilivyosaidia kutenganisha mazungumzo kadhaa yaliyosafirishwa kwa waya mmoja. Tatizo lake lilikuwa sawa na la mcheza santuri: sauti nyingi, njia moja.

3.0 Sauti na Masafa Yake

Hatuwezi kuelewa tofauti ya vifaa hivi bila kueleza masafa. Sauti ni mtetemo wa hewa, na idadi ya mitetemo kwa sekunde moja ndiyo masafa, ambayo hupimwa kwa Hz. Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban kati ya Hz 20 na Hz 20,000. Kwa mahitaji ya mcheza santuri, eneo hili hugawika katika matabaka matatu.

Tabaka la chini ni la besi, takriban kati ya Hz 20 na Hz 250. Humo mna ngoma kubwa na gita la besi, ambalo uzi wake mnene zaidi hutoa sauti ya Hz 41 hivi. Tabaka la kati hufika Hz 4,000 hivi, na ndimo yaliyomo sehemu kubwa ya sauti ya mwimbaji, magita na kinanda. Tabaka la juu ndilo la matoazi, kayamba na mkwaruzo wa konsonanti.

Wanaisimu watatambua umuhimu wa tabaka hili la mwisho. Simu za kawaida za zamani zilipitisha masafa kati ya Hz 300 na Hz 3,400 pekee. Kwa kuwa nguvu nyingi za sauti /s/ hupatikana juu ya Hz 4,000, msikilizaji wa simu hiyo angeweza kulisikia neno saa kama faa, na muktadha pekee ndio uliomwokoa. Simu ile ilikuwa kichujio ambacho hakuna aliyekiita kwa jina hilo.

Masafa ya chini yana sifa nyingine inayohusu sana mitaa kama Huruma. Wimbi la Hz 50 lina urefu wa karibu mita 7, ilhali wimbi la Hz 10,000 lina urefu wa sentimita 3 na nusu hivi. Wimbi refu huzunguka vizuizi na kupenya kuta kwa urahisi. Wimbi fupi huishia ukutani. Ndiyo maana mpangaji wa ghorofa ya sita husikia ngoma ya sherehe iliyo nyumba ya tatu lakini hayasikii maneno ya wimbo. Ukuta nao ni kichujio.

4.0 Kisawazishi: Mpaka Umesimama, Kiasi Chasogea

Katika miksa nyingi za wacheza santuri, kila mkondo wa muziki una vitufe vitatu vya kuzungusha vilivyopangwa wima: cha juu ni cha sauti za juu, cha katikati ni cha sauti za kati, na cha chini ni cha besi. Kitufe kikisimama saa sita, yaani alama yake ikielekea juu kabisa, tabaka hilo hupita kama lilivyorekodiwa. Kikizungushwa kulia, tabaka huongezwa. Kikizungushwa kushoto, hupunguzwa. Katika mashine nyingi nafasi ya kupunguza ni kubwa mno kuliko ya kuongeza. Mathalani, miksa yaweza kuongeza desibeli 6 tu lakini ikapunguza desibeli 26, na nyingine huweza kulizima tabaka zima lisisikike kabisa.

Tofauti hiyo si ya bahati. Waliounda mashine walijua kuwa kazi kuu ya kitufe hiki ni kupunguza. Ongezeko la desibeli 3 huhitaji nguvu maradufu kutoka kwa amplifaya, na ongezeko la desibeli 6 huhitaji nguvu mara 4. Ikiwa amplifaya inatoa wati 200 kuendesha besi, nawe ukaongeza desibeli 6, unaidai wati 800. Isipokuwa nazo, hukata vichwa vya mawimbi na kuyafanya bapa, na mawimbi ya namna hiyo huunguza nyaya za spika. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Walisema kweli hata kwa ngoma ambazo hawakuzijua.

Sifa bainifu ya kisawazishi ni kwamba mipaka ya matabaka haisogei. Imepangwa na kiwanda. Mtumiaji hubadilisha kiasi tu, yaani ni kitu gani kiwe kingi na kipi kiwe kidogo. Kwa sababu hiyo anaweza kuondoa besi peke yake bila kugusa sauti ya mwimbaji, au kupunguza sauti za kati na kuacha besi na matoazi zikiendelea. Kisawazishi kinaweza kutoboa shimo katikati; kichujio cha kawaida hakiwezi.

5.0 Kichujio: Mpaka Wenyewe Wasogea

Kichujio cha miksa za siku hizi huwa ni kitufe kimoja kwa kila mkondo. Kikiwa katikati, hakifanyi kitu. Kikizungushwa upande mmoja, aghalabu kushoto, huwa kichujio cha kupitisha chini: sauti za juu huanza kufa, kisha za kati, hadi wimbo ukasikika kama unaopigwa nyumba ya jirani. Kikizungushwa upande wa pili, huwa kichujio cha kupitisha juu: besi hutoweka kwanza, kisha sauti za kati, hadi wimbo ukawa mwembamba kama utokao katika redio ndogo ya mfukoni.

Hapa kisogeacho ni mpaka. Katika mkono mmoja wa mchezaji, mpaka huo waweza kuanzia Hz 40 ukapanda hadi Hz 8,000 kwa muda wa mapigo 16, na kila kilicho chini yake kikaachwa nyuma. Ifahamike kuwa mpaka huu si ukuta ulio wima; ni mteremko. Vichujio vingi hupunguza desibeli 12 au 24 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapopungua kwa nusu au kuongezeka maradufu. Mteremko ukiwa mkali, sauti hukatika kwa wazi. Ukiwa mpole, hufifia taratibu.

Baadhi ya vichujio vina nyongeza ya mvumo mpakani. Masafa yaliyo pale pale kwenye mpaka hukuzwa, nayo hutoa ule mlio wa kufyonza unaowasisimua wachezaji. Mvumo huo ni kiungo kikali kama pilipili mbuzi. Mpaka unapoteremka kurudi eneo la besi huku mvumo ukiwa juu, besi huvimba ghafla na spika huwa hatarini upya.

Kwa wapenzi wa rege, ambao Huruma ni wengi, kichujio kina nasaba ya heshima. Osbourne Ruddock, ajulikanaye kama King Tubby, alikuwa fundi wa redio na vyombo vya umeme katika mtaa wa Waterhouse, jijini Kingston, nchini Jamaika. Katika miaka ya 1970 alitumia kichujio cha kupitisha juu kilichokuwa kwenye miksa yake, akakizungusha hatua kwa hatua wimbo ukiendelea, ngoma na gita vikawa vyembamba kisha vikarudi kwa kishindo. Kwa njia hiyo alisaidia kuumba mtindo wa dabu. Aliuawa mwaka wa 1989, lakini mzungusho ule wa mkono wake ndio huo unaorudiwa katika sherehe za Nairobi leo. Inafaa tukumbuke kwamba hakuwa mwimbaji wala mpiga gita. Alikuwa fundi, kama yule mzee wetu.

6.0 Uteuzi Katika Hali Mbalimbali

Baada ya kueleza utendakazi, sasa tuangalie uteuzi. Kanuni ya jumla ni hii: pale ambapo tatizo ni nafasi, yaani vitu viwili kugombania mahali pamoja, kisawazishi hufaa zaidi. Pale ambapo nia ni safari, yaani kuitoa hadhira hali moja na kuipeleka nyingine, kichujio hufaa zaidi. Hali zifuatazo zitaidhihirisha kanuni hii.

6.1 Besi mbili. Hili ndilo lililomfika binamu yangu. Nyimbo mbili zikichezwa pamoja, besi zake hujumlishwa. Mapigo yakiangukiana barabara, jumla yaweza kupanda kwa desibeli 6. Yakipishana, besi moja huweza kuimeza nyingine na uwanja ukapoa. Katika hali zote mbili matokeo hayatabiriki. Dawa yake ni kisawazishi: wimbo mpya uingie besi yake ikiwa imezimwa, na fungu jipya linapoanza, besi ya wimbo wa kwanza ishushwe huku ya wimbo wa pili ikipandishwa. Wanafunzi wa ushairi hawatapata taabu kuutambua wakati huo. Katika muziki mwingi wa kucheza, mapigo 4 hufanya kipimo kimoja, na vipimo 8 au 16 hufanya fungu. Aliyezoea kuhesabu mizani 16 za mshororo wa tarbia, zenye kituo baada ya 8, tayari ana sikio la kusubiri. Kubadilisha besi katikati ya fungu ni sawa na kuvunja mshororo kabla ya kina.

Je, kichujio hakiwezi kuifanya kazi hii? Chaweza, lakini kwa hasara. Kichujio cha kupitisha juu kitakapoondoa besi yote, kwa sababu ya mteremko wake kitachota pia sehemu ya sauti ya mwanamume anayeimba. Hadhira itasikia kuwa wimbo umedhoofika, hata kama haijui sababu.

6.2 Waimbaji wawili na msemaji. Sauti mbili za binadamu zikiimba maneno tofauti kwa wakati mmoja, hakuna linaloeleweka. Dawa bora ni kupanga nyimbo ili sehemu ya ala ya mmoja ikutane na uimbaji wa mwingine. Isipowezekana, sauti za kati za wimbo mmoja zipunguzwe kwa kisawazishi. Vivyo hivyo kwa msemaji wa jukwaani. Anaposhika kipaza sauti kutangaza nani ametoa mchango wa kiasi gani, kupunguza sauti za kati za muziki kidogo tu humfungulia mlango wa kusikika, ilhali besi huendelea kuwachezesha watu. Wacheza santuri wengi hupunguza muziki wote, na hapo uchangamfu huzimika.

6.3 Rekodi za kale na za sasa. Katika sherehe za Huruma mara nyingi wazee na vijana hukaa uwanja mmoja. Wimbo wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka wa 1978, huweza kufuatwa na gengetoni. Rekodi za enzi ile ziliyapa magita na sauti za waimbaji nafasi ya mbele, na besi zake ni za kiasi. Rekodi za leo hujengwa juu ya besi nzito. Mchezaji akiacha kila kitu saa sita, wazee wataona muziki wao umenyong'onyea na vijana wao umewaangukia. Hapa kisawazishi hurejea kwenye maana yake ya asili. Njia iliyo salama ni kupunguza besi ya wimbo mpya kidogo, badala ya kuilazimisha rekodi ya zamani itoe kisichomo. Kichujio hakina msaada hapa, kwani hakijui kuongeza wala kugawa.

6.4 Kuvuka kutoka mahadhi hadi mahadhi. Rege nyingi huenda polepole, takriban mapigo 70 hadi 80 kwa dakika, na singeli ya Dar es Salaam huweza kupita mapigo 200. Mwendo wa nyimbo za namna hii hauwezi kulinganishwa kirahisi. Hapa ndipo kichujio kinapong'ara. Mchezaji huanza kuuchuja wimbo unaoondoka kwa kupandisha mpaka pole pole katika vipimo 8. Besi hutoweka, kisha sauti za kati, na hadhira hubaki na kitu chembamba kinachoning'inia hewani. Sikio linapokuwa na kiu, wimbo mpya huingia ukiwa mzima, besi na yote. Kuvunjika kwa mwendo hakumsumbui mtu, kwa kuwa hadhira imeshatayarishwa. Ni mbinu ya taharuki tuijuayo katika ngano: fanani hupunguza sauti kabla ya zimwi kutokea.

Kuifanya kazi hii kwa kisawazishi huhitaji mikono mitatu, maana vitufe vitatu vingepaswa kuzungushwa kwa zamu bila kukatika. Mwenye mikono miwili achague kichujio.

6.5 Majengo, usiku na majirani. Nchini Kenya zipo kanuni za mwaka wa 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, nazo huweka viwango vya chini zaidi usiku kuliko mchana. Hata pasingekuwa na sheria, mcheza santuri wa Huruma hucheza katikati ya ghorofa zenye watoto, wagonjwa na walinzi waliotoka zamu. Kama tulivyoona katika sehemu ya 3.0, kinachowafikia hao vitandani ni besi. Kuipunguza besi ya jumla kwa kisawazishi usiku unapoingia huwatuliza majirani bila kuwanyima wachezaji maneno na midundo ya juu. Baadhi ya wachezaji hutumia kichujio cha kupitisha juu kwa kazi hii. Si kosa, ili mradi mpaka uwekwe chini kabisa na uachwe pale pale bila kuchezewa.

7.0 Makosa ya Kuepukwa

Yako makosa matatu yanayojirudia. La kwanza ni kusahau kitufe. Mchezaji huuchuja wimbo, akaanza kutafuta wimbo ufuatao, akasahau kurejesha kichujio katikati. Baadaye husikia muziki hauna nguvu, akaongeza besi kwa kisawazishi ili kufidia kilichozuiwa na kichujio. Siku atakayokumbuka kukirejesha, besi iliyoongezwa itatoka yote kwa pamoja. Kila mpito ukikamilika, mkono upite juu ya vitufe vyote na kuhakikisha vimesimama saa sita.

La pili ni kukitumia kichujio katika kila mpito. Takriri ni mbinu nzuri ya ushairi, lakini mtunzi akiikariri katika kila ubeti msomaji huacha kuihisi. Vivyo hivyo hadhira iliyosikia mchujo mara 20 kwa saa moja haitangoja tena kwa hamu.

La tatu ni kudhani kuwa vifaa hivi huponya uteuzi mbaya wa nyimbo. Nyimbo mbili zisizopatana kwa ufunguo wala kwa hisia hazitapatanishwa na kitufe. Mpishi wa mseto huanza kwa kuchagua mchele na pojo. Mwiko huja baadaye.

Ni vyema kuongeza kuwa vifaa hivi si mahasimu. Mchezaji mwenye uzoefu huweza kuzima besi ya wimbo mpya kwa kisawazishi, huku akiuchuja wimbo wa zamani utoke taratibu. Kimoja hulinda nafasi, kingine husimulia safari.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kuwa kisawazishi hubadilisha kiasi ndani ya mipaka iliyosimama, ilhali kichujio huusogeza mpaka wenyewe. Kutokana na tofauti hiyo moja tumeona uteuzi wote ukifuata: besi kwa besi, sauti kwa sauti, na rekodi ya kale kwa ya sasa ni kazi ya kisawazishi, taharuki na kuvuka mahadhi ni kazi ya kichujio.

Aidha, imedhihirika kuwa maneno chuja na sawazisha yalikuwa na somo zima ndani yake. Laiti binamu yangu angeelezwa mwaka ule kwamba kitufe hiki ni chujio la chai na hiki ni mizani ya dukani, huenda mchango wa jirani yetu ungefika mwisho. Alichokuwa nacho ni maandishi ya Kiingereza yaliyofupishwa kwenye miksa, ambayo hakuna aliyewahi kumfafanulia. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuunda istilahi za maabara na za bunge. Vijana walio juu ya mapaa ya Huruma na Kariobangi nao wana maabara yao, na huko kosa la istilahi hulipiwa kwa miezi minne ya mjengo. Tunapendekeza kwamba wanachama wanaotafuta mada za utafiti waende huko wakasikilize, wakusanye msamiati ulioko, na wauandike kabla hatujauletea wetu.

Binamu yangu angali anacheza muziki, na sasa spika ni zake. Kabla ya kugusa kitelezi cha sauti ili kuingiza wimbo mpya, huzungusha kwanza kitufe cha besi ya wimbo huo kushoto hadi mwisho. Niliwahi kumuuliza kama huwa anafikiria kufanya hivyo. Alijibu kuwa mkono wake haujasahau bei ya spika.